Kupe Ni Kupe

Kijijini, kwa S.L.P. ya Kanisa,
Mpwapwa.
8 Januari 2024

Mwanangu Ruthu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu nikisubiri uanze wewe tutazeeka wote. Sisi huku tu wazima. Mama yako Restuta hajambo, mguu umepoa tangu alipoanza kuukanda kwa maji ya chumvi. Mama yako mkubwa Anna anauliza kama ubuyu alioufunga kwenye mfuko mweusi ulifika Dodoma salama au ulimwagika kwenye basi. Mvua za mwaka huu zimezidi, korongo limekata njia mara mbili, lakini uwele umesimama vizuri. Ng'ombe hawajambo, wangu pamoja na wale sita wa mama yako, na kati ya hao sita, yule mtamba mwekundu aliyeachwa na marehemu baba yako ana mimba.

Unaona naandika. Mama yako ameniletea simu mara kadhaa nizungumze nawe nikakataa. Kwenye simu mtu akishindwa hoja husema mtandao umekatika. Barua utaisoma hadi mwisho, hata kama mdomo umekupinda.

Siku ya pili ya Krismasi, nyumbani kwangu, mbele ya wakwe wa Jordan mwanangu na mbele ya mchungaji, uliulizwa swali la heshima tu: unafundisha nini huko sekondari? Ungesema bayolojia, ukala pilau yako, tukaendelea. Lakini wewe ulisimama na kipande cha nyama mkononi ukawaeleza watoto kwamba binadamu na sokwe wana babu mmoja, na kwamba viumbe vyote vimebadilika polepole, kizazi baada ya kizazi. Nami nimekaa pale, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya josho la kuogeshea ng'ombe, mwalimu mkuu mstaafu, niliyekufundisha a e i o u kwa mkono wangu. Mchungaji alicheka kwa adabu akaomba aongezewe mchuzi. Mimi sikucheka. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Sasa nakuuliza swali moja, na ulijibu bila kukimbilia vitabu. Ukoo wetu hukata ng'ombe ncha ya sikio la kushoto. Ndivyo tunavyowatambua wakichanganyika na wa watu kwenye machunga. Babu wa babu yangu alikata, babu akakata, baba akakata, nami nimekata mpaka wembe umenichubua kidole. Hivyo ni vizazi vingapi vya ng'ombe? Je, umewahi kuona ndama wetu hata mmoja aliyezaliwa na sikio lililokatwa? Wote huzaliwa na masikio mazima. Bibi zetu nao walitoga masikio mpaka tundu likapitisha kidole, na wewe mwenyewe ulizaliwa na sikio lisilo hata alama ya sindano. Kama viumbe vingekuwa vinabadilika kizazi hadi kizazi kama unavyodai, mimi ningekuwa nimeshaacha kununua wembe.

Mchunga ng'ombe ambaye hakuvuka darasa la pili anaujua ukweli huu. Wewe una digrii na umeshindwa kutazama zizi la kwenu.

Neno jingine dogo. Dawa ya josho siku hizi haina nguvu. Nadhani Amiri, yule mwenye duka la dawa za mifugo mjini, anatuuzia maji yaliyotiwa rangi. Nimemwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Baba yako mkubwa,
Zablon


Makole, Dodoma.
27 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua imefika, na ubuyu ulifika mzima, mshukuru Mama Mkubwa sana. Mimi na binti yangu Priska tu wazima. Priska ameanza darasa la kwanza na kila jioni ananisahihisha namna ya kushika penseli, kwa hiyo ile tabia yako ya kusahihisha watu imempata mtu wa kuirithi. Shule imefunguliwa, nina madarasa manne pale sekondari ya Kikuyu, na jua la hapa unalijua.

Nakushukuru kwa hoja ya sikio. Ni hoja nzuri, shida yake ni kwamba unapigana na mtu ambaye hayupo. Hakuna aliyesema kovu linarithiwa. Yuko mtaalamu wa zamani aliyekata panya mikia kizazi baada ya kizazi, na watoto wao wakazaliwa na mikia kamili, kama ndama wako. Ulidhani umeiangusha sayansi kwa wembe, kumbe umerudia jaribio lake bila kujua, tena kwa miaka mingi zaidi. Kinachorithiwa si lile ulilomtendea ng'ombe akiwa zizini. Ni lile alilozaliwa nalo.

Na ndama hawazaliwi sawa. Unawajua wako: huyu mrefu, yule mvumilivu wa kiu, yule mwepesi wa kuugua. Unafanya nini na madume usiyoyapenda? Unayahasi yawe maksai. Dume moja unalolipenda ndilo unaloliacha lipande, na baada ya miaka zizi lote linafanana nalo. Hapo mjini kwenu Mpwapwa watafiti walichanganya damu za ng'ombe mbalimbali na kuchagua kwa miaka mingi mpaka ikapatikana aina inayobeba jina la Mpwapwa. Wewe unajivunia fahali wa aina hiyo kila mgeni akija. Sasa mahali ambapo hakuna Zablon wa kuchagua, kiangazi huchagua, na njaa, na ugonjwa. Aliyezaliwa na kitu cha kumsaidia huacha watoto wengi, asiye nacho huacha wachache. Endelea hivyo si kwa miaka ya babu yako, ila kwa mamilioni ya miaka.

Ushahidi umejaa mpaka ni uvivu kusema haupo. Kwenye miamba ya chini kabisa humkuti mnyama anyonyeshaye hata mmoja. Samaki wanatangulia, watambaao wanafuata, wanyonyeshao wanakuja baadaye, na mpangilio ni huo popote watu walikochimba duniani. Kwetu Tanzania, kule Laetoli, zipo nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita, wala hawakuwa watu kama sisi. Shika mkono wako: mfupa mmoja juu, miwili chini, halafu vidole. Paka ana hivyo hivyo, na popo kwenye bawa lake. Chatu mnayemuua mlimani ana vikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Anavitunzia nini mtu asiyetembea?

Na kama unataka ushahidi usiohitaji kutoka nje, upo tumboni mwako. Mnyama akishaachishwa ziwa, maziwa huanza kumkataa, na watu wengi duniani wako hivyo. Watafiti waliwapima watu wa jamii za wafugaji hapa Afrika Mashariki wakakuta wengi wana badiliko dogo katika vinasaba linalowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Limeenea katika maelfu machache ya miaka iliyopita, tangu watu walipoanza kufuga. Wewe una zaidi ya miaka sabini na unamaliza kibuyu. Unaikana habari hii huku umeishika mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Mama ameniambia kupe wananing'inia kwenye viwele ingawa mnaogesha kila wiki. Amiri hakuuzii maji ya rangi. Kupe wenu wamekuwa sugu. Miongoni mwa maelfu walikuwapo wachache waliozaliwa wakiweza kustahimili dawa ile. Mkaogesha, wengine wote wakafa, hao wachache wakabaki na malisho peke yao. Jike mmoja hutaga mayai elfu mbili na zaidi. Mmetumia dawa ya aina moja tangu nikiwa shule ya msingi. Umewafanyia kupe vile unavyowafanyia mafahali, umehasi wanyonge na kubakiza mashujaa. Kile ulichokikana mbele ya mchungaji kinatambaa masikioni mwa ng'ombe wako.

Nakuomba ubadilishe dawa, si jina la chupa bali aina yake kabisa, Amiri atakueleza. Wale sita ndio maziwa ya mama na ndiyo akiba yake yote. Kwa desturi yetu wako zizini kwako na hawezi kuwaondoa bila neno lako. Wakipata ndigana, ule ugonjwa wa kupe, hana kingine.

Mwanao,
Ruthu


Kijijini, Mpwapwa.
12 Februari 2024

Ruthu,

Huku hatujambo. Mama yako mkubwa alichomwa na mwiba wa mgunga akaupuuza, sasa anachechemea na hataki kuambiwa. Mama yako yupo. Karanga zinaendelea kukomaa, ngedere nao wanaendelea kuzila. Mwambie Priska penseli hushikwa kwa vidole vitatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa huruma. Umeanza na panya waliokatwa mikia, ukapita kwa chatu, ukaishia tumboni mwangu. Nilikuwa nakunywa maziwa kabla mama yako hajaolewa katika ukoo huu, na sijaota mkia. Nikifa mtaweza kunipeleka makumbusho na kibuyu changu.

Unanieleza habari za kuchagua mafahali, mimi niliyechagua mafahali kabla hujazaliwa. Nimechagua miaka hamsini, na kila nilichopata ni ng'ombe. Mweusi, mwekundu, mwenye nundu kubwa, mwenye nundu ndogo, wote ng'ombe. Na kupe ni kupe. Alikuwa kupe enzi za babu yangu, leo ni kupe, na hajageuka kunguru. Siku utakayoniletea kupe mwenye manyoya nitakuja Makole kwa miguu kukuomba radhi mbele ya walimu wenzako.

Josho letu halina kasoro isipokuwa uaminifu wa muuzaji. Kamati ni ya watu waangalifu. Tukiona kina kimeshuka tunaongeza maji mpaka kwenye alama, na dawa tunaongeza mwanzo wa msimu, hatuimwagi ovyo kama watu wa vijiji vingine wasiojua thamani yake. Mvua ikijaza josho tunamshukuru Mungu kwa kutupunguzia kazi ya kuteka.

Tena nikupe jambo la kukuliza. Matonya, yule mzee wa juu mlimani, hajawahi kuogesha ng'ombe tangu azaliwe. Hawaleti joshoni, anasema dawa inaharibu ngozi. Ng'ombe wake wana kupe wengi kuliko wetu. Kama dawa ndiyo inayoleta hao kupe sugu wako, mbona asiyeijua dawa ndiye mwenye kupe wengi zaidi? Lijibu hilo, mwenye digrii.

Ng'ombe wanaendelea.

Zablon


Makole, Dodoma.
20 Februari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Priska anashika penseli kwa vidole vitatu na anasema ndivyo alivyokuwa anashika tangu zamani. Mwambie Mama Mkubwa aende zahanati, mwiba wa mgunga si wa kuchezea.

Januari uliniandikia kwamba ng'ombe hawajambo, na ukanitajia mtamba mwekundu na mimba yake. Safari hii umeandika kwamba wanaendelea. Neno hilo husemwa na manesi wakimficha ndugu wa mgonjwa. Kila Jumapili mama ananiambia hawajambo na kuhamia habari nyingine upesi. Mtamba mwekundu yukoje? Mnataja mwiba na ngedere, huyo hamumtaji.

Sikujua habari za maji. Sasa umezieleza kwa kalamu yako mwenyewe, tena kwa kujisifu. Dawa iliyozimuliwa inawaua kupe wanyonge na kuwaacha wenye nguvu kidogo, wazaane, ili mwakani wenye nguvu zaidi wabaki. Kama ungetaka kufuga kupe sugu kwa makusudi usingepata njia bora kuliko hiyo. Na Mungu unayemshukuru kwa kujaza josho hakukutuma.

Kuhusu Matonya, mwenyewe umenipa mtihani wa kukupa. Hukuelewa ulichokisema. Kupe wake ni wengi kwa sababu hakuna anayewaua. Swali si wingi wao, swali ni kama dawa ikiwagusa watakufa. Kwa hiyo fanya hivi. Nunua chupa mpya kwa Amiri, ileile mnayotumia. Ichanganye na maji kwa kipimo kilichoandikwa, si kipimo cha kamati. Chukua kupe wa Matonya uwaweke kwenye kopo moja, wa kwako kwenye kopo la pili. Wachovye wote katika dawa ileile, wakati uleule, uwafunike kwa kitambaa, uwatazame kesho yake. Dawa ikiwa maji ya rangi, wote watakuwa hai, na nitamwandikia Amiri barua ya kumtukana mimi mwenyewe. Wa Matonya wakifa na wako wakitembea, tatizo si dawa. Ni kupe, na kupe wako si wale wa babu yako, hata kama hawana manyoya.

Jaribio hili nawapa Kidato cha Pili nao hulipanga kabla ya kengele. Ukilishindwa, mwite mtoto wa darasa la nne akushike mkono. Ulinifundisha a e i o u, sikatai. Nimeanza kuamini kwamba hapo ndipo elimu yako yote ilipoishia, na miaka mingine yote ulikuwa unaongeza maji mpaka kwenye alama.

Ama sivyo, watoe ng'ombe wa mama. Rafiki wa marehemu baba kule Kibakwe atawapokea. Sema neno moja tu, nitatafuta watu wa kuwaswaga.

Ruthu


Kijijini, Mpwapwa.
30 Machi 2024

Ruthu,

Heri ya Pasaka. Hatujambo. Mama mkubwa mwiba umetoka. Mama yako alishikwa na mafua, sasa ana nafuu. Uwele umeanza kukauka na ndege ni wengi.

Barua yako ya Februari niliipata. Sikujibu kwa sababu sikuulizwa kitu, nilitukanwa.

Habari za ng'ombe nitaandika nikipata nafasi. Habari za Kibakwe sijazifikiria. Ng'ombe wa marehemu mdogo wangu hawatatembezwa barabarani kama wa mtu asiye na ndugu.

Usihangaike kuja sikukuu hii. Korongo limejaa na basi halivuki.

Zablon


Makole, Dodoma.
14 Aprili 2024

Baba Mkubwa Zablon,

Shikamoo. Priska hajambo.

Mama Mkubwa alinipigia jana kwa simu ya jirani. Alilia kwanza, ndipo akazungumza. Ng'ombe watatu wa mama wamekufa, na mtamba mwekundu ndiye aliyetangulia, mwezi wa pili, macho yamekuwa manjano na ndama tumboni. Mama alikuwa anaambiwa asinieleze ili nisizidi kukuandikia vibaya, naye akatii. Kila Jumapili ameniambia hawajambo.

Ameniambia na jambo jingine. Jumamosi ya kwanza ya Machi ulipanda mlimani kwa Matonya peke yako. Ulikwenda mjini kwa Amiri ukanunua chupa mpya. Ulichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, ukayaweka chini ya ghala, ukafanya kila nililoandika, tena kwa uangalifu kuliko wanafunzi wangu, maana Mama Mkubwa anasema ulipima dawa kwa bomba la sindano. Jumapili baada ya ibada ulifunua. Kupe wa Matonya walikuwa wamekufa. Wako walikuwa wanapanda ukingo wa kopo. Ukafunika, ukamwambia asimsimulie mtu.

Ulijua, basi. Uliponiandikia heri ya Pasaka ulikuwa unajua. Kila Alhamisi umesimama joshoni na kofia yako ya uenyekiti ukitazama ng'ombe wa kijiji kizima wakioga maji yasiyomtisha kupe, na ulikuwa unajua. Wawili kati ya wale watatu wamekufa baada ya makopo yale.

Nimekudharau tangu Januari kwa kudhani hujui, na mtu asiyejua hufundishwa, hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Aliyejua akanyamaza sina somo lake. Sitaki tena ukubali habari za sokwe, wala Laetoli, wala maziwa. Amini unachotaka. Badilisha dawa wiki hii, au nakuja na askari kuwachukua waliobaki, korongo lijae lisijae.

Ruthu


Kijijini, Mpwapwa.
9 Mei 2024

Ruthu,

Marahaba. Priska namshukuru kwa salamu hata kama hukumpa nafasi ya kuzituma.

Dawa imebadilishwa. Niliitisha mkutano wa wafugaji Jumatano ile ile barua ilipofika. Josho limechotwa lote, afisa mifugo wa kata amekuja kupima mwenyewe, na Amiri ameleta dawa ya aina nyingine kabisa baada ya kunisubirisha kidogo dukani kwake, jambo ambalo nadhani alikuwa na haki nalo. Ng'ombe wameoga mara tatu. Kupe wanadondoka zizini wamekauka na kuku wanawaokota. Wa mama yako wamebaki wawili. Wa nne alikuwa ameshaanza kuumwa, hatukumwahi. Wa kwangu sitawataja, hukuwaulizia.

Watu waliuliza mkutanoni nilijuaje kwamba ni kupe na si dawa. Nikawaonyesha makopo, nikawaeleza habari za wachache wanaobaki na kuzaa. Walielewa upesi, wafugaji hawahitaji kuelezwa sana habari za uzazi. Halafu Matonya, ambaye siku hiyo alishuka mlimani kwa mara ya kwanza kuja kwenye mkutano wa josho, akaniuliza niliwachukua lini kupe wake. Nikamjibu ukweli, kwamba ni mwanzo wa Machi. Siku ya pili nikarudisha uenyekiti.

Usidhani nimekubali ya sokwe. Nimekubali ya kupe. Hayo mengine tutabishana nikipata nguvu, maana bado nakuona una kiburi cha kuku aliyetaga yai moja.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Barua yako ya Februari ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya matusi, nami nikashindwa kumeza la kwanza bila kumeza la pili. Nilipofunua kopo Jumapili ile nilijua umesema kweli juu ya kupe. Ningebadilisha dawa juma lile, ingekuwa nimekiri kwamba umesema kweli na juu yangu, kwamba elimu yangu iliishia kwenye a e i o u. Nilifundisha miaka thelathini na sita, Ruthu. Nikajiambia mvua zitakatika, kupe watapungua wenyewe, msimu ujao nitabadilisha kimyakimya na hakuna atakayejua ni nani aliyemfundisha nani. Ng'ombe hawakuusubiri msimu ujao.

Nimemtengea mama yako mitamba watatu kutoka kwangu. Amewapokea, akawafunga pembeni, hajawakata sikio wala kuwapa majina.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikalie karatasi hii siku tatu. Jumapili iliyopita mama yako alikuja kwangu na ungo wa karanga, akaketi barazani, akaanza kubangua. Macho yake hayaoni tena maandishi, unajua. Akaniambia nimsomee barua zetu. Nikamwuliza ipi. Akasema zote, zako na zangu, na nisiruke. Zangu nilikuwa nazo kwa sababu kila barua huwa naiandika kwanza kwenye daftari. Basi nikamsomea. Nikasoma panya na chatu, nikasoma kupe mwenye manyoya, nikasoma mtoto wa darasa la nne wa kunishika mkono. Mahali pengine nilitaka kupunguza sauti, akaniambia nisome kama ilivyoandikwa. Anna alikuwa mlangoni, akaondoka tulipofika Machi.

Nilipomaliza alikuwa bado anabangua. Nilidhani atalia, au atanilaani, au atakutetea wewe kwa kuwa ni mwanawe. Alipepeta maganda, akaangalia karanga zake, ndipo akasema:

"Kumbe yote haya mlikuwa mnaandikiana ninyi, na ng'ombe walikuwa wangu."

Akajitwika ungo akaenda zake. Kama wewe una jibu la kumpa, usiniandikie mimi. Njia imekauka, basi linavuka.

Zablon